Ujumbe wa Kwanza Kwenye Foleni

Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu. Hubebwa na mtu mpaka kwa mwenyewe, na anayeibeba hutakiwa akae chini kwanza, asalimie, anywe hata funda moja la maji, ndipo aanze kwa kusema kwamba fulani hajisikii vizuri. Watu wa bara hutucheka kwa hilo. Na wacheke. Wao hawakumwona yule dereva wa lori aliyepigiwa simu akiwa kwenye usukani, kati ya Garissa na Modogashe, akaambiwa mkewe amefariki akijifungua. Lori lilipinduka na watu waliokuwa wamekaa juu ya magunia.

Baada ya msiba ule wazee wa msikiti wetu walimwita Deeq, kijana wa Tarbaj aliyesomea kompyuta, wakamwambia atafute njia. Mimi, Kinsi, nikaitwa niwe mpangaji wa wajumbe, nafikiri kwa sababu nina mdomo na wazee wananiogopa kidogo. Tukapewa chumba nyuma ya msikiti, feni moja na kompyuta moja.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mtu akifariki Tarbaj, au Ifo kambini, au Modogashe, jamaa zake huandika ujumbe mfupi kwa nambari yetu: nani ametutoka, nani aambiwe hapa mjini Garissa, mazishi lini. Ujumbe huo huenda kusimama kwenye foleni katika kompyuta za kampuni iliyo mbali, huko wanakokuita kwenye wingu, ingawa wingu hilo sijawahi kuliona likinyesha. Programu aliyoiandika Deeq huuchukua kutoka kule na kuuleta kwenye kioo chetu, wa kwanza kuingia ukiwa wa kwanza kutoka. Mimi natafuta mzee wa karibu na huyo mfiwa, namtuma. Mzee akinipigia na kusema, "Nimemwambia, naye ameitikia Innaa lillahi," nabonyeza palipoandikwa AMEFIKISHIWA, na ujumbe unafutika. Nisipobonyeza, baada ya muda unarudi wenyewe kwenye foleni, kisha unatokea tena kwenye kioo.

Deeq aliupanga hivyo makusudi. "Kupokea si kufikisha," alisema. "Mashine ikisema imepokea, nani ameambiwa?" Tena aliwaandikia wajumbe mwongozo wa hatua tatu, tukaubandika ukutani: kwanza sema ni mgonjwa, halafu sema hali imezidi, mwisho sema Allah amechukua amana yake. Usiruke hatua. Usiondoke mpaka aitikie.

Kompyuta ya kwanza ilikufa kwa vumbi. Tukanunua nyingine iliyokwisha kutumika, nzuri tu, ila kibetri chake cha ndani kilikuwa kimeisha, kwa hiyo kila ikizimwa inasahau leo ni lini. Aliyetuuzia alikuwa ameifunga kwenye saa za nchi nyingine, na Deeq, kwa hasira, akairudisha kwenye za nchi yetu, akaizima na ile kazi ya kujirekebishia saa yenyewe. Asubuhi ninayoisimulia aliingia saa moja, jua limeshatoka. Akaiwasha, akaiwekea tarehe na saa, akapakia programu, akaanza kuiandikia mipangilio yake: anwani ya foleni, eneo la dunia ilipo foleni hiyo, jina la ufunguo, na siri ya ufunguo.

Siri hiyo Deeq haiandiki ndani ya programu hata umshikie kisu. Ina faili lake peke yake, na faili hilo halifunguliwi na mtu mwingine. "Hizi ni habari za watu kabla wenyewe hawajazijua," huniambia. Hata simu yangu ameipa ruhusa ya kuona idadi tu ya jumbe zinazosubiri. Siwezi kusoma hata herufi moja.

Tena alinifundisha kitu ambacho nilikuja kukihitaji siku hiyo. Programu inapobisha hodi kule mbali, haiitamki ile siri. Huitumia kutia saini kwenye ombi, na ndani ya saini huweka saa na dakika, ili mwizi akiiokota saini ya jana isimfae leo. Wenye foleni wakiona saa imepishana sana na yao, wanaikataa.

Nilipofika ofisini Deeq alikuwa amekunja uso. Kila akibisha hodi, jibu lilirudi lile lile: saini yako imepitwa na muda.

"Hii ufunguo imeexpire, wallahi," alisema bila kunitazama. Akaufuta, akatengeneza mwingine, akaupachika. Ukakataliwa. Akatengeneza mwingine.

"Labda umekosea kunakili," nikamwambia.

"Kinsi, walaal, nenda ukaroge mtu mwingine."

Ndivyo tunavyosemeshana, mimi naye, hata tukiitana walaal, yaani ndugu. Nilikuwa bado natafuta la kumjibu simu yangu ilipoita. Ilikuwa nambari ya Tarbaj: Bishara, mdogo wa mama yake Deeq, ambaye sisi wote twamwita Habaryar.

"Kinsi, hooyo, uko na Deeq?" Hooyo ni mama, na kwetu mkubwa humwita hivyo hata mtoto.

"Yuko hapa."

"Toka nje."

Nikatoka, nikasimama karibu na tangi la maji ya udhu.

"Dada yangu ametangulia," alisema. "Baada ya alfajiri. Alikuwa anashika tasbihi, mara ikaanguka. Tunamzika Adhuhuri, hatuwezi kungoja, hii joto unaijua. Deeq asiambiwe kwa simu. Tafuta Abdiwahab, adeer wake, aende akae na yeye amwambie vizuri. Mimi nishaandika kwa nambari yenu kama watu wote."

Nikasema Innaa lillahi. Mama yake Deeq, Hooyo Filsan, sikuwahi kukutana naye, lakini nilikuwa nimekula chakula chake zaidi ya mara moja. Kila basi lililotoka kule lilileta kopo la nyirinyiri, vile vinyama vilivyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, na kila mara aliandika kwa kalamu nene juu ya mfuniko: DEEQ NA KINSI. Jina langu aliliweka yeye, bila kuombwa. Kopo la mwisho lilikuwa pale mezani, kando ya kompyuta.

Nikampigia Abdiwahab. Ni ndugu wa baba yake Deeq, na ndiye mzee wetu wa kutegemewa kuliko wote katika kazi hii ya kubeba habari nzito. Alikuwa ng'ambo ya mto, Madogo, anapakia mbuzi. Aliomba dua, kisha akasema, akiniita dada kwa lugha yetu, "Usimwambia, abaayo. Wewe msichana, na si wa nyumba yake. Akianguka utamshika na nini? Mimi nakuja. Lakini hapa darajani malori imejaa, sijui nitapita saa ngapi."

"Njoo upesi, Adeer."

"Nakuja."

Niliporudi ndani ndipo wazo liliponijia. Ujumbe wa Habaryar Bishara ulikuwa kwenye foleni. Uliingia alfajiri, kabla ya wote. Deeq akifaulu tu kuufungua ule mlango, kitu cha kwanza kitakachotokea mbele ya macho yake, kwa herufi nyeusi kwenye kioo cheupe, ni jina la mama yake na saa ya kuzikwa kwake. Mtu aliyekataa kwa miaka yote hiyo watu kuambiwa na mashine, angeambiwa na mashine aliyoitengeneza mwenyewe.

Nikaketi. Nikatazama saa ya simu yangu kukadiria Adeer amefika wapi: 9:40. Na kwa ile hali ya mtu asiyejua macho ayaweke wapi, nikatazama na saa ndogo iliyo pembeni ya kioo cha kompyuta. 3:40.

Deeq huvaa saa ya marehemu baba yake. Wazee wetu wengi huzielekeza saa zao kwa hesabu ya nyumbani: ikiwa ni saa tatu asubuhi, mshale unaelekea kwenye tatu, mambo ya wazungu wabaki nayo. Deeq hakuigeuza alipoirithi. Asubuhi ile, kompyuta ilipomuuliza saa, aliuangalia mkono wake akaandika alichokiona. Na kila alipotazama pembeni ya kioo, iliafikiana na mkono wake. Saa tatu na dakika arobaini, sawa kabisa. Jicho la mtu wa kwetu lingeona kosa wapi? Lakini kompyuta haijui saa za kwetu. Kwake ilikuwa usiku wa manane, na kila saini iliyotoka humo ilifika kule mbali ikiwa imechelewa kwa saa sita. Funguo zote alizozitupa zilikuwa nzima.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka nimpigie kelele. Nikaufunga.

Kama ningesema, angeingia. Kama nisingesema, Adeer angefika. Nikachagua kunyamaza, na mimi kunyamaza sijakuzoea. Waswahili husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nakificha kifo chenyewe, huku nikimtazama mwenye msiba akigonga mlango wake kwa nguvu zote.

"Tukanywe chai," nikasema.

"Watu wanasubiri."

"Chai tu, Deeq. Mashine haitakimbia."

"Wewe ndio kila siku unanipigia kelele watu wanasubiri." Akatabasamu kidogo, akavuta kopo, akalifungua, akachovya vidole. "Kula. Hooyo amesema tukimaliza hii atatuma ingine."

Nikala. Nikageuka ukutani nikajifanya nasoma mwongozo, maana machozi yalikuwa yameshakuja na sikuwa na kisingizio.

Simu yangu ilionyesha jumbe tatu zinazosubiri. Adeer akapiga: lori la saruji limekatika ekseli katikati ya daraja, hakuna gari linalopita, anakuja kwa miguu. Mzee wa umri wake, kwa jua lile. Nilipokata simu, tatu zilikuwa zimekuwa nne. Nikainua macho kwa Deeq, alikuwa anatengeneza ufunguo mwingine. Nikarudisha macho kwenye simu. Tano.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Mmoja wa wale wafiwa watano nilimjua, na kwake hakukuwa na la kuwahi tena. Hata gari lipae, haliwezi kufika Tarbaj kabla ya Adhuhuri. Lakini wale wengine? Pengine mmoja wao yuko sokoni sasa hivi anacheka na wateja, na maiti ya baba yake imelazwa saa chache tu kutoka hapa, na angewahi kumwona uso kabla hajatolewa nyumbani. Nani alinipa mimi haki ya kumfungia mlango kwa sababu nampenda Deeq kama ndugu yangu? Nilikuwa namstahi mtu mmoja kwa mali ya wengine.

Nikasogeza kiti. Nikachukua chupa, nikammiminia maji, nikamwekea mbele. Nikanywa na mimi funda moja.

"Deeq," nikasema. "Habaryar Bishara amenipigia. Hooyo hajisikii vizuri."

Vidole vyake vilibaki juu ya vibonyezo. Hakunitazama. Akautazama mwongozo ukutani, karatasi aliyoiandika mwenyewe, kisha akaishusha mikono yake mapajani taratibu.

"Tangu lini?" akauliza. Ndilo swali ambalo wote huuliza.

"Alfajiri."

"Hali yake?"

"Hali imezidi."

Feni ilikuwa inazunguka na nikatamani izime. "Sema ya tatu, Kinsi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Usiruke."

"Allah amechukua amana yake."

Nikangoja aitikie. Hakuitikia. Alikaa hivyo, na mimi nikakaa naye. Sikumshika, hakuanguka.

"Watamzika saa ngapi?" hatimaye akauliza.

"Adhuhuri."

Akatazama saa ya baba yake, kama mtu anayetaka kupima safari. Nikasema, "Na saa ya kompyuta si sawa, Deeq. Umeiwekea ya mkononi mwako."

Akatazama mkono. Akatazama kioo. Akatazama simu yangu. Nilimwona akielewa yote mawili kwa pamoja, la saa na la kwangu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukangoja."

"Nilikuwa nangoja Adeer. Ujumbe wako ndio wa kwanza. Sikutaka uusome hapo."

Akaivuta kompyuta, akarekebisha saa, akabisha hodi. Safari hii haikukataa. Foleni ikafunguka na ujumbe wa kwanza ukatokea. Akausoma wote, polepole, jina la mama yake na jina la baba wa mama yake na la babu. Kitufe cha AMEFIKISHIWA kilikuwa chini yake. Nikamtazama. Akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Lete unaofuata."

Uliofuata ulitoka Modogashe. Mzee mmoja mchungaji amefariki usiku. Aambiwe binti yake, Istahil, muuza maziwa ya ngamia pale soko la Suuq Mugdi. Mazishi baada ya Alasiri, wanawangoja wanawe walio malishoni. Deeq akausoma mara mbili.

"Huyu anawahi," akasema. "Kinsi, huyu anawahi!" Ndipo machozi yakamtoka, kwa habari ya baba wa mtu asiyemjua.

Wakati huo Adeer Abdiwahab akaingia, kanzu imelowa jasho, fimbo mkononi. Hakujua kilichopita. Akakaa chini, akasalimia, akaomba maji, akanywa. "Adeer," akamwambia Deeq, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa naye, "mama yako, hali yake si nzuri." Nikataka kumkatiza. Deeq akaninyamazisha kwa mkono. Akamwacha mzee apite hatua zote, ya kwanza mpaka ya tatu, akimsikiliza kwa adabu kama vile hajawahi kuyasikia. Mzee alipomaliza akamshika bega. "Itikia, Adeer. Sema Innaa lillahi."

Deeq akafungua mdomo. Sauti haikuja. "Itakuja," mzee akasema, lakini nilimwona amepata hofu.

"Adeer," Deeq akasema, "gari ya kwenda Tarbaj si inapita Modogashe?"

"Hakuna njia ingine."

"Basi tupite sokoni kwanza. Kuna mtu wa kubeba."

Wakatafuta gari, wakaondoka. Mimi nikabaki na mashine, nikawatafutia wajumbe wale waliosalia, wawili wa kambini na mmoja wa mtaa wa pili. Wote waliambiwa, wote waliitikia, nikabonyeza. Wa Istahil ulikuwa unangoja simu yao, na wa Deeq sikuubonyeza. Ukarudi kwenye foleni, na baada ya muda ukatokea tena. Nikauacha. Ukatokea tena. Adhuhuri ilipoadhiniwa ulikuwa hapo kwenye kioo, na mimi nikajua kwamba Tarbaj wamembeba. Nikaswali pale pale chumbani. Kisha nikalifunika kopo, maana nzi walikuwa wameanza kuja.

Alipiga Alasiri imeshapita. Nilisikia upepo na watu wengi nyuma yake.

"Tuko Modogashe," alisema. "Istahil alimwona babake. Alikaa naye, akamfunika uso mwenyewe. Adeer alimwambia pale sokoni na aliitikia vizuri. Bonyeza yake."

Nikabonyeza. "Imefutika," nikamwambia.

"Walikuwa wachache kwa safu. Wale watoto wa malishoni mmoja hakufika. Nikaingia safu, mahali ya yule mmoja. Nimemswalia, nimeshika udongo, nimetia mara tatu. Nilikuwa nataka kutia wa mama yangu, Kinsi."

"Najua, walaal."

Nikasikia akivuta pumzi, na baada yake yakatoka maneno yale yote, mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu aliyetembea mbali: Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Ujumbe wake ulikuwa mbele yangu. Ulikuwa umetokea tena wakati tunazungumza.

"Sasa bonyeza na yangu," alisema.